Uwanja wa Kuanikia Mashuka

Habari kwamba hospitali ya zamani itabomolewa zilimkuta Fundi akiwa na misumari mdomoni. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha mteja, nyundo mkononi, akivuta kitambaa kwenye ukingo wa mbao, na misumari midogo ameibana kwa midomo kama ilivyo kawaida ya washonaji wa makochi. Mteja mwenyewe, mwalimu mstaafu asiyejua kukaa kimya, ndiye aliyeleta maneno. Alisema uzio wa mabati umeshazungushwa, mashine zimeshafika, na muda si muda pale patakuwa tambarare kama kiganja.

"Wala sisikitiki," alisema mwalimu. "Jengo lile lilikufa zamani, lilikuwa linangoja kuzikwa tu."

Fundi angejibuje, na misumari ile mdomoni? Alipigilia mmoja, akapigilia wa pili, na wa tatu ukapinda, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu alipokuwa anajifunza kazi.

Mtaani walimjua kwa mambo mawili. La kwanza ni mkono wake, uliokuwa na sifa ya kufufua kiti ambacho wengine wangekigeuza kuni. La pili ni mguu wake wa kushoto, uliokuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, ukamfanya atembee kama mtu anayekubali jambo kila hatua. Mguu huo ndio uliompeleka hospitali ile utotoni, hajatimiza miaka mitano. Mfupa wa nyonga ulikuwa umeingiwa na ugonjwa, na tiba ya siku zile, ukiacha sindano, ilikuwa kulala. Kulala chali, mguu umefungwa kamba, kamba imepita kwenye kigurudumu cha chuma juu ya kitanda, na upande wa pili inaning'inia mifuko ya mchanga ya kuuvuta mfupa usijikunje. Alilala hivyo mpaka akasahau kutembea. Alipotoka alikuwa anajua kusoma, anajua kuhesabu, anajua dawa ipi chungu na ipi tamu, na hamjui mama yake.

Hilo la mwisho ndilo ambalo nyumbani kwao halikuzungumzwa.

Maana mtoto yule hakukumbuka kuteseka. Kama aliteseka, alisahau. Alichokumbuka ni Sista, muuguzi wa wodi ya watoto, mwanamke mrefu mwenye vidole vya baridi na sauti ya chini. Meza yake ya kazi ilikuwa kando ya kitanda cha mtoto huyu, kwa hiyo akamwita Jirani. "Jirani, umeamkaje?" "Jirani, mbona jana hukuja kunitembelea? Nimekukosea nini?" Na mtoto, asiyeweza hata kugeuka ubavu, alicheka mpaka mifuko ya mchanga ikatikisika. Sista ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa maandishi ya kwenye chupa za dawa. Ndiye aliyemkata kucha, aliyemchana nywele, aliyempuliza jicho likiingiwa na vumbi. Siku ya kuruhusiwa alikuja mwanamke mmoja mwenye kitambaa cha manjano kichwani, macho yamemvimba kwa kulia, akanyoosha mikono. Mtoto akamng'ang'ania Sista shingoni. Ikabidi vidole vyake vibanduliwe kimoja kimoja.

Huyo mwenye kitambaa cha manjano ndiye mama yake.

Miaka ikaenda. Fundi alikua, akajifunza ufundi, akaolewa, akazaa, watoto wakatawanyika na maisha yao, mume akatangulia mbele ya haki. Mama yake, kwa uzee, alihamia kwake, na wakakaa kwa amani, wakitaniana kama mawifi. Lakini kila Sista alipotajwa, mama alikumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni. Zamani sana, Fundi akiwa msichana, alithubutu kusema wakiwa mezani kwamba angependa kumtafuta yule muuguzi amsalimie tu. Mama aliweka kijiko chini.

"Aliyekuzaa umeshamsalimia?"

Basi, yakaishia hapo. Tangu siku hiyo aliibeba hamu yake kimyakimya, kama mtu mwenye changarawe kiatuni anayeona haya kuvua kiatu mbele za watu. Angemtafuta vipi, hata hivyo? Watoto wa wodini walimwita Sista, na jina lake hakulijua. Aliwahi kwenda kuuliza kwenye hospitali mpya. Kijana wa mapokezi alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Mama, Sista ni wengi."

Jioni ile ya habari za mwalimu, wakiwa wamekaa barazani, Fundi alijikaza akasema, "Mama, kesho nitachelewa kufungua karakana. Nakwenda kuliona lile jengo kabla halijaangushwa."

Alingoja mama akumbuke kitu jikoni. Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta kwa muda, akachagua punje moja, akaitupa.

"Tunaondoka saa ngapi?"

"Tunaondoka nani na nani?"

"Unataka nikae hapa niangaliane na kuku?"

"Mama, kule ni vifusi. Na magoti yako je?"

"Magoti ni yangu, hayajakuomba ruhusa," alisema mama, na mazungumzo yakaisha.

Asubuhi walichukua teksi. Mama alikuwa amevaa viatu vyake vizuri vya kutokea, kama mtu anayekwenda kwa wakwe. Njia nzima Fundi hakumuuliza kwa nini anakuja, kwa kuhofia jibu lisije likawarudisha nyumbani.

Langoni walimkuta mlinzi, mwanamume mnene mwenye redio ndogo sikioni, aliyewaambia kabla hata hawajasalimiana kwamba hairuhusiwi.

"Tunaangalia tu, kaka," Fundi alisema. "Nililazwa hapa nikiwa mtoto."

"Kila mtu alilazwa hapa, dada. Hata mimi nilikatwa kidole tumbo hapa. Hairuhusiwi."

Mama akasogea mbele na mkongojo wake. "Mwanangu, lango hili nimelipita mara nyingi kuliko wewe."

"Shikamoo, bibi. Sikatai. Lakini humo ndani kuna nyoka."

"Akiniuma mimi atakufa yeye."

Mlinzi alicheka mpaka redio ikamponyoka. Mtu ukishamchekesha hivyo hana tena nguvu za kukufukuza. Alivuta bati moja pembeni, akawaonya wasipande ghorofani kwa kuwa sakafu ya juu imeoza, kisha akavua kofia yake ngumu ya njano akamvika mama. Ilimshuka hadi kwenye nyusi. Bibi kizee akaingia mle ndani kama mkaguzi aliyetumwa na serikali.

Mapokezi palikuwa na kaunta ya mbao iliyobanduka, na nyuma yake kijidirisha cha dawa chenye tundu la nusu duara. Mabenchi ya saruji yalikuwa yameng'aa katikati na kukwaruzika pembeni; watu waliyang'arisha kwa kukaa na kungoja. Sehemu ya paa ilikuwa imeondoka, na mti uliojiotea wenyewe ulikuwa umesimama kwenye foleni ya mizani ya watoto. Harufu ya dawa, ambayo Fundi alikuwa ameivizia tangu langoni, haikuwapo. Palinuka popo na unyevu.

Walipita korido ndefu. Rangi ya ukutani, kijani chini na nyeupe juu, ilikuwa imebabuka ikajikunja kama maganda ya vitunguu. Hapa palikuwa na mlango wenye neno KIMYA. Pale palikuwa na sinki lililojaa majani makavu. Fundi alichungulia kila chumba, na kila chumba kilimpa mgongo. Hakukumbuka hata kimoja. Alianza kujiona mjinga. Alikuwa amelibeba jengo hili kifuani maisha yake yote, na sasa alipolifikia lilikuwa jengo la watu wengine.

Wodi ya watoto waliitambua kwa picha za wanyama zilizochorwa ukutani, zimefifia, tembo amebaki masikio. Ilikuwa chumba kikubwa kitupu. Vitanda vilishachukuliwa, vioo vya madirisha vilishavunjwa, na sakafu ilikuwa na vumbi la kuweza kupandia mbegu. Fundi alisimama katikati, akageuka huku, akageuka kule. Meza ya Sista ilikuwa wapi? Kitanda chake kilikuwa upande gani? Hakujua. Pangeweza kuwa ghala la mahindi.

"Ni hapa?" mama aliuliza kutoka mlangoni. Hakuwa ameingia.

"Sijui, mama. Sioni kitu."

Ndipo likamjia, taratibu, jambo ambalo alipaswa kulijua mapema: chumba hiki hakuwahi kusimama ndani yake. Siku aliyoletwa alibebwa amezimia kwa homa, na siku aliyotolewa alibebwa amefumba macho kwa kilio. Alivua viatu, asijue kwa nini anavivua. Akashika ukuta, akajishusha kwa tabu kwa sababu ya nyonga, akalala chali kwenye vumbi.

"Wee! Unafanya nini? Utachafuka!"

Fundi hakusikia. Juu yake dari ilikuwa imefunguka kama uso wa mtu umjuaye. Zile mbao nyembamba zilizopangwa, na ule ubao mmoja uliowekwa kinyume. Lile doa la maji lenye umbo la jogoo, limenenepa lakini jogoo yule yule. Bomba lililopita pembeni na kuingia ukutani, ambalo yeye na mtoto wa kitanda cha pili walikubaliana kwamba linakwenda mpaka mbinguni. Vilikuwapo hata vile vyuma vya kamba, vimeng'ang'ania ukutani safu nzima, na kwenye kimoja kigurudumu bado kilikuwapo, kimeshikwa na kutu. Hapa palikuwa pake. Kule alikuwa yule mvulana aliyeugua nyonga zote mbili, aliyekuwa akiiga sauti ya daktari. Na meza, meza ilikuwa hapa, upande wa mkono wa kulia, karibu kiasi kwamba alikuwa akisikia kalamu ya Sista ikiandika.

Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, maana ndivyo yanavyokwenda ukilala chali, na hata hilo alikuwa amelisahau.

Kila asubuhi ya maisha yake ya pale ilianza kwa viatu. Hakuweza kuuona mlango, ulikuwa nyuma ya kichwa chake, kwa hiyo aliwajua watu kwa miguu. Daktari mkuu alikanyaga kwa kisigino. Mfagiaji aliburuta. Viatu vya Sista vilikuwa vya mpira, vilifanya sauti kama mtu anayebusu sakafu, na vilipopita mlangoni mtoto alifumba macho ajifanye amelala, ili aje aguswe shavu. Sasa, mwanamke mwenye mvi na wajukuu, alijikuta amefumba macho. Alijua hakuna mtu. Alijua kabisa. Lakini mwili wote ulikuwa umetega, kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, ukingoja viatu.

Alichosikia ni mkongojo wa mama yake. Ulikuwa unakwenda mbali.

Alijiinua haraka kadiri alivyoweza, akatoka koridoni pekupeku, viatu mkononi. Mama alikuwa ameshafika kwenye kona. Pale walipoingilia palikuwa kulia. Mama akakata kushoto.

"Mama! Njia ya kutokea ni huku!"

"Najua njia ya kutokea."

Alikuwa anatembea asivyotembea nyumbani, bila kupapasa, bila kuuliza. Alifika kwenye kimlango ambacho Fundi angekipita bila kukiona, akakisukuma kwa bega, mahali penyewe hasa pa kusukuma, kikafunguka. Nje yake kulikuwa na mteremko wa saruji wa kupitishia mikokoteni. Mama akashuka, mkono mmoja ukutani, kofia ya njano ikichezacheza kichwani. Chini kabisa palikuwa na banda refu lenye bomba la moshi.

Ndani kulikuwa na mabeseni makubwa ya saruji yaliyojengwa safu, tanuri la kuchemshia maji, na meza ndefu ya kupigia pasi yenye alama za kuungua. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye beseni la tatu. Akaweka kiganja kwenye ukingo wake, mahali palipolika.

"Hili lilikuwa langu," alisema.

Fundi alisimama mlangoni. "Lako vipi?"

"Nilikuwa nafulia hapa. Mashuka, foronya, nepi, aproni za wauguzi. Za watoto zilishonwa uzi mwekundu pembeni zisichanganyike. Mkokoteni ukishuka natafuta kwanza uzi mwekundu."

"Lini, mama?"

"Ulipokuwa huko juu."

Ndege waliokuwa wamejenga darini walianza kelele kisha wakanyamaza. Fundi alikaa kwenye ngazi ya tanuri.

"Ulikuwa hapa," alisema. "Hapa hapa."

"Nilikuwa hapa. Nilipokuleta walinikatalia kuingia wodini. Ndiyo ilikuwa sheria ya mganga mkuu. Walisema mtoto akimwona mama yake anarusha miguu, kamba zinavutika, mfupa unaharibika upya. Mama akishaleta mtoto, aende zake, angoje kuitwa. Wenzangu walikwenda. Mimi nilifika kwa mama yako mdogo, nikamwachia kaka zako, nikarudi. Nililala kwenye nyasi nje ya lango mpaka wakanichoka. Nikawaambia, nipeni ufagio, nipeni chochote. Wakanipa beseni. Lakini sharti wodini nisikanyage."

"Muda wote ule."

"Muda wote ule."

Fundi alicheka kicheko kibaya, kisichokuwa na furaha. "Lazima nililala pale nikidhani umenitupa. Unajua? Lazima nililia mpaka nikakuchoka. Ukanitoka kabisa. Na wewe uko hapa chini, hatua chache, unafua! Kwa nini hukuja, mama? Sheria! Sheria ni nini? Mimi ningepanda madirishani. Watoto wangu wangelazwa popote, ningevunja mlango."

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia basi, hata baadaye? Miaka yote hii?"

Mama alivua ile kofia ngumu, akaiweka juu ya beseni. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimelala.

"Kwa sababu ungeniuliza swali hilo unaloniuliza. Na jibu sikuwa nalo. Hata sasa sina."

Alisugua ule ukingo kwa kidole gumba.

"Mara moja nilikuja," alisema. "Mbeba mashuka aliugua, wakanituma mimi. Nilipandisha ule mteremko moyo unanidunda kama mwizi. Nikaingia, nikakuona. Ulikuwa umenenepa, mashavu yamejaa. Nikasimama juu ya kitanda chako na mashuka mikononi. Nilijiambia, akilia nitamziba mdomo kwa busu, akirusha mguu nitaukalia. Ukanitazama. Ukasema, 'Shikamoo. Wewe unamtafuta nani?'"

Fundi alifunika uso.

"Kwa adabu kabisa," mama aliendelea. "Kama unavyoulizwa ofisini. Nikasema, namtafuta mwenye mashuka. Ukasema, yaweke hapo, Sista anakuja. Nikayaweka. Tangu siku hiyo sikuomba tena kupanda. Niliogopa utaniuliza tena."

Kisha mama akashika mkongojo, akaenda kwenye mlango wa nyuma wa banda. "Njoo uone."

Huko nyuma palikuwa na uwanja mpana, nyasi zimefika kifuani, na nguzo za chuma zimesimama kwa mistari, kila moja na kulabu za kamba. Ng'ambo ya uwanja, juu kidogo, yalionekana madirisha. Fundi aliyatazama kwa muda kabla hajaelewa ni madirisha ya wapi.

Na alipoelewa, akakumbuka kioo.

Kilikuwa kioo kidogo cha duara chenye ukingo wa bati, ambacho Sista alikifunga kwenye chuma cha kitanda na kukiinamisha hivi na hivi, akimuuliza, "Sasa je, Jirani? Sasa unaona?" mpaka kipande cha nje kikaingia ndani yake: anga, nguzo, na mashuka meupe yakipeperuka. Kati ya mashuka alikuwepo mwanamke mmoja mdogo kama kidole, kajitanda kitambaa cheupe cha kazini hata uso hauonekani, na kila alipomaliza kuanika aliinua mkono juu akaupunga. Mtoto akapunga naye. Wodini walimwita Mama wa Mashuka. Siku ambazo mvua ilinyesha asionekane, mtoto alikosa raha, na Sista alimwambia, "Vumilia, Jirani. Na yeye huko aliko anakasirikia mvua."

"Mama wa Mashuka," Fundi alisema.

"Mlikuwa mnaniita hivyo? Alinieleza. Nilidhani ananifurahisha tu."

"Nani alikueleza?"

"Yeye. Sista wako." Mama alilitamka neno lile kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua. "Siku ile ya shikamoo alinikuta pale kwenye mteremko nimekaa, siwezi kushuka wala kupanda. Akanitazama usoni, akaniambia, 'Wewe ni mama yake Jirani. Mna paji moja.' Kesho yake akashuka huku. Akasema, 'Sheria inakukataza kuingia wodini. Haikatazi mtoto kutazama nje. Una kioo?' Nilikuwa nacho kimoja, cha kwangu cha kujitazamia. Nikampa."

"Kilikuwa chako."

"Kilikuwa changu. Kila jioni akitoka zamu alipitia hapa. Leo amekula vizuri. Leo amechekesha daktari. Leo amesoma neno 'kijiko'. Nami namshukuru, na huku namchukia. Nitasemaje? Alikuwa ananilisha kwa kijiko chakula changu mwenyewe." Mama alivuta pumzi. "Ulipokwisha kutoka hospitali, watu walipenda kuniambia, kuzaa si kazi, kazi kulea. Walidhani wananisifu. Walikuwa wananichoma."

Upepo ulipita kwenye nyasi. Fundi aliuliza swali ambalo alikuwa amelitunza tangu utoto, na sauti yake ilitoka ndogo: "Alinipenda, mama? Au ilikuwa kazi yake tu?"

Mama alimgeukia, akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ni maji.

"Siku ya kukuchukua, nilikuacha kwenye benchi na kaka yako mkubwa, nikashuka kurudisha aproni. Nikamkuta hapa ndani, kajiinamia kwenye meza ya pasi, analia kama mtu aliyefiwa. Akaniambia, 'Wewe unakwenda naye, mimi nabaki na kitanda.' Nikamwambia, 'Mimi nakwenda na mwili tu. Mwenyewe amebaki na wewe, hukuona vidole vyake?' Akasema hapana, bahati ni yako. Nikasema hapana, ni yako. Tukabishana hivyo, wanawake wazima, kila mmoja anampa mwenziwe mtoto, mpaka tukaanza kucheka." Alifuta jicho kwa kiganja. "Halafu nikatoka, sikumtafuta tena. Ulilia kwa ajili yake usiku na mchana. Ningeendaje kumtafuta?"

"Jina lake nani?"

Mama akamwambia. Lilikuwa jina la kawaida kabisa, la mtu unayempita sokoni. Fundi alilirudia mara mbili, akalionja.

Kupanda mteremko kuliwachukua muda mrefu. Mama magoti, binti nyonga. Walishikana viuno, wakapumzika, wakashikana tena. Mlinzi alipowaona wanatokea, wamejaa vumbi na majani ya nyasi kwenye nguo, alizima redio.

"Sasa hapa nani amemshika nani?"

"Kama hujui, usiulize," mama alimjibu, akamrudishia kofia.

Lile jina lilimsaidia Fundi kwa haraka kuliko alivyotarajia. Aliuliza kwa wakunga wastaafu, mmoja akamwelekeza kwa mwingine, na kabla jengo halijaanza kuvunjwa alipata habari. Sista alihamishiwa mbali, akafanya kazi hadi kustaafu, akafariki. Hakuacha mtoto. Aliyeleta habari alisema alikuwa mtu wa utani sana, anawaita wagonjwa wake wote majina ya ajabu.

Fundi alifunga karakana mchana kweupe, akarudi nyumbani akamweleza mama yake. Mama alisikiliza hadi mwisho. Hakukumbuka kitu chochote jikoni. Aliingia chumbani, akatoka amejifunga kitambaa cheusi kichwani, akaja kuketi mkekani kando ya binti yake, bega kwa bega, kama wanavyokaa wafiwa. Jirani mmoja aliyechungulia akauliza, "Kulikoni? Mmefiwa na nani?" Mama ndiye aliyejibu. "Na mwenzangu," alisema.

Siku mashine zilipoanza kazi hawakwenda kutazama. Sauti, hata hivyo, ilifika mpaka karakana, mngurumo halafu kishindo, mngurumo halafu kishindo. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwalimu mstaafu, ambacho kilikuwa kimekamilika ila mwenyewe hajaja kukichukua, na Fundi alikuwa sakafuni anakata sponji. Kila kishindo kilipokuja mkasi ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Nilikuwa nataka kukuuliza kitu," mama alisema. "Muda mrefu sana."

"Uliza, mama."

"Ulipoingia mle ulikuwa na meno yote ya utoto. Niliyajua moja moja. Ulipotoka la mbele halikuwapo." Alisita, akalainisha gauni lake magotini kwa viganja. "Lilitokaje?"

Fundi aliweka mkasi chini. Hakuwa amelifikiria jino lile tangu lilipotoka. Ilimbidi afumbe macho, alifuate kule kwenye ile dari, kwenye mwanga wa asubuhi uliokuwa ukiingia kwa upande.

"Lilinasa kwenye mkate," alisema polepole. "Nilidhani ni jiwe. Nikalitema kifuani, nikaona damu, nikapiga kelele kwamba nakufa. Mvulana wa kitanda cha pili akaanza kunisomea sala za maiti."

Mama alicheka, mkono mdomoni.

"Kisha?"

"Kisha Sista akaja mbio."

"Enhe," mama alisema, akasogeza kiti chake karibu. "Akasemaje?"